Fundi Sofa na Darasa la Pumu

Jumatatu, 3 Machi

Mkutano wa wazazi shuleni. Nimekwenda kwa sababu mke wangu alisema nisipokwenda nisirudi. Wazazi wa watoto wenye pumu tu, tumepangwa kwenye viti vya darasa la kwanza, magoti yanakaribia kidevu. Mimi, fundi sofa, mtu anayewakalisha watu kwa heshima, kukalishwa kwenye kigoda kile! Nilikasirika hata kabla ya mkutano kuanza.

Nesi wa zahanati akajitambulisha. Mwembamba, sauti ya chini, lakini akizungumza hakuna anayekohoa, na ule ulikuwa mkutano wa pumu. Akasema wiki hii atawafundisha watoto na wazazi namna ya kuishi na ugonjwa huu bila kukimbilia wodini kila mara. Jumamosi tutachagua mzazi kiongozi, wa kuwafundisha wengine yeye akiondoka. Huyo atavaa beji.

Beji! Nikanyoosha mkono papo hapo. Nesi akasema mikono ni Jumamosi. Nyuma yangu Mama Pacha akacheka kwa pua.

Mama Pacha ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta, anashona sare za shule. Pacha wake wote wawili wana pumu, na yeye anatembea nazo kama mtu mwenye shahada mbili. Mimi ninaye mmoja, binti yangu wa darasa la tano. Tunamwita Kasuku kwa ajili ya mdomo wake. Lakini pumu ya Kasuku ni kali kuliko za wale pacha zikijumlishwa. Nimemwambia mke wangu hivyo jioni. Akasema hilo si jambo la kuringia. Hajui siasa.

Jumanne, 4 Machi

Aibu. Na kosa si langu.

Nesi aliweka inhela mbili mezani, ya bluu na ya kahawia, akaomba mzazi mmoja aonyeshe inavyotumika. Nikawahi mbele kabla Mama Pacha hajainuka. Nikachukua ya bluu, nikafungua mdomo, nikapuliza kwa mbali kidogo, kistaarabu, kama mtu anayejipulizia manukato. Wingu likanipita sikioni. Wazazi walicheka mpaka mmoja akaegemea ubao. Kasuku, aliyekuwa benchi la watoto, akajifunika uso na begi.

Nesi hakucheka. Afadhali angecheka. Alieleza taratibu kwamba dawa iliyokwenda hewani inatibu ukuta. Kisha akauliza nani anampa mwanawe ile ya kahawia kila siku. Nikajibu kwa fahari kwamba yetu iko kabatini, karibu mpya, naitunza sana, natoa mtoto akizidiwa tu.

Nesi akaeleza, huku akiniangalia mimi tu ingawa chumba kilijaa, kwamba ya kahawia ndiyo ya kila siku, hata mtoto akiwa mzima anarukaruka, ili kifua kisifike mahali pa kubana. Ya bluu ndiyo ya kuzima moto ukishawaka. Kumbe nimekuwa nikifanya kinyume. Basi kwa nini hawaandiki hayo kwa herufi kubwa ubavuni? Mtu anatunza dawa, anageuzwa mkosaji!

Mama Pacha alionyesha baada yangu. Akapigiwa makofi, akainama kidogo kama bibi harusi.

Jumatano, 5 Machi

Leo nilikuwa na hakika ya ushindi. Nesi alituagiza kila mmoja aje na chupa. Ni hivi: mtoto hawezi kubonyeza dawa na kuivuta kwa wakati mmoja, kwa hiyo unaipulizia kwanza ndani ya chupa tupu ya plastiki yenye tundu kitakoni, naye anavuta polepole kwenye mdomo wa chupa. Chupa ya maji tu, safi, tundu likiwa sawa na mdomo wa inhela.

Chupa ya maji tu? Kwa fundi kama mimi? Niliivika yangu mahameli nyekundu, chini yake sponji laini kwa raha ya mikono, vifungo vya dhahabu ubavuni, na shada la nyuzi mdomoni. Ingeweza kukaa kwenye ikulu.

Nesi aliigeuza mara kadhaa. Akauliza ataonaje kama ndani ni safi. Akauliza inaoshwaje. Kisha akachomoa unyuzi kwenye mdomo wa chupa, akauinua watu wauone, akasema huu mtoto angeuvuta mpaka kifuani. Chupa ya Mama Pacha ilikuwa uchi, ina gundi ya karatasi iliyobanduliwa. Ikasifiwa! Nesi akaipitisha mkono kwa mkono kama kikombe cha ushindi.

Halafu akaniuliza kazi yangu ya sofa naifanyia wapi. Nikasema nyumbani, sebuleni, kama mtu yeyote mwenye akili. Akasema vizuri, Ijumaa mchana anatembelea nyumba za watoto, ataanza na yangu.

Nilipofika nyumbani mke wangu alikuwa ameshasikia. Ukuta kati yetu na Mama Pacha ni mwembamba kama karatasi.

Alhamisi, 6 Machi

Somo la leo lilikuwa vinavyoamsha pumu. Vumbi, moshi, rangi mbichi, manukato makali. Nesi hakutaja sofa. Hakuhitaji. Aliposema "vumbi la sponji na sufi" wazazi wote waligeuka kunitazama, hata mzee mmoja ambaye nimemtengenezea viti na bado anavikalia.

Nimeudhika. Sponji hizo ndizo zinazomlisha mtoto, zinamvisha, zinamnunulia hizo inhela. Mtoto adhuriwe na kinachomlisha? Nilimuuliza mke wangu swali hilo. Akajibu kwamba amenisihi siku nyingi nihamie kile kibanda chetu cha mbele. Nikasema kibanda kina joto. Akasema kifua cha mtoto je? Anapenda kutoka nje ya mada.

Hata hivyo nimepata mpango, na ni mpango safi. Mgeni anakaribishwa wapi? Sebuleni. Anakaa wapi? Sebuleni. Anaaga akiwa wapi? Kesho sebule yangu haitakuwa hata na unyuzi mmoja. Nesi ataona nyumba ya kupigiwa mfano, beji itajileta yenyewe.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika usiku wa manane kwa sababu usingizi umekataa kuja. Ni hasira, nadhani.

Mke wangu alipokwenda kazini nilianza kazi. Magunia ya sufi, sponji, vitambaa, vipande vya mbao, vyote nikavihamishia chumba cha Kasuku, nikavisukuma mpaka mlango ukafungika kwa bega. Nikafagia sebule. Ikang'aa. Nikaketi kumsubiri Nesi, uso wa unyenyekevu tayari nimeuvaa.

Kasuku akatangulia kufika kutoka shule. Akapita moja kwa moja kwenda kubadili sare. Nilimwambia asubiri, ila nilisema nikiwa nimekaa. Alipofungua mlango, rundo likamporomokea, gunia likapasuka, sufi ikajaa hewani. Akakohoa. Akakohoa tena. Kisha akaacha kukohoa, na hapo ndipo nilipoogopa, maana kilichobaki ni ule mlio wa filimbi kifuani na mabega yanayopanda kila akitafuta hewa.

Nilifanya kila kitu. Nilimleta sebuleni nikamlaza. Akanisukuma akakaa wima. Nikampepea kwa kilichokuwa mkononi, na kilichokuwa mkononi ni kipande cha sponji. Nikaleta maji. Nikamletea chupa ya mahameli. Mtoto asiye na pumzi ya kutamka neno moja akapata nguvu ya kuitupa mpaka ukutani. Akatoa inhela ya bluu mfukoni mwa sketi, maana Nesi amewafundisha wasiachane nayo, akanionyesha begi lake. Ndani mlikuwa na chupa yake mwenyewe, ile ya kawaida, aliyotengeneza darasani. Mikono yake haikuweza kuishika.

Nikapiga kelele. Mama Pacha akaja mbio, futi ya kupimia nguo ingali shingoni. Nilitaka kumkabidhi chupa. Hakuipokea.

"Mshikie wewe," alisema. "Anakutazama wewe. Mimi namkimbilia Nesi."

Nikashika. Kasuku akafanya ishara kwa kidole: tikisa. Nikatikisa. Kidole: bonyeza. Nikabonyeza mara moja. Akavuta polepole, akatoa, akavuta tena, macho hayaondoki usoni pangu. Kidole: tikisa tena, bonyeza tena. Sijui ilichukua muda gani. Sikumbuki hata kama nilikuwa napumua mimi mwenyewe. Beji sikuifikiria kabisa. Kisha mabega yake yakaanza kushuka, kidogokidogo, na ile filimbi ikawa mbali. Alipopata sauti alisema jambo moja tu.

"Baba, tukae nje. Halafu uzitoe zote."

Nesi alitukuta barazani. Akamsikiliza kifua, akatupeleka zahanati, Kasuku akaangaliwa mpaka jioni, akaruhusiwa. Sikugombezwa. Nesi alimuuliza tu nani alimshikia chupa. Kasuku akasema ni baba. Nesi akaniangalia, akasema niliishika vizuri.

Vizuri! Mtu ameokoa roho ya mtoto, anapewa "vizuri", kama aliyekunja shuka. Tena tuliporudi akataka kuona mtoto anapolala. Sebule yangu yote ile aliipita bila hata kuitupia jicho. Mgeni gani anaanza na chumba cha kulala? Angeniambia mapema ningejipanga.

Mke wangu alipofika alimkumbatia Kasuku kwa muda mrefu. Kisha akavua viatu vya kazini, akaanza kubeba magunia kwenda kibandani, moja baada ya jingine. Nilitaka kusaidia. Aliniangalia mara moja, nikaona heri nisisaidie.

Jumamosi, 8 Machi

Uchaguzi. Ulikuwa wa hila tangu mwanzo.

Kwanza, Nesi akasema leo watoto ndio watakaowafundisha wazazi. Kasuku akapanda juu ya benchi. Jana hakuwa na pumzi, leo anahutubia! Akaeleza vizuri, siwezi kukataa: kaa wima, usilale, tulia, tikisa, bonyeza mara moja, vuta polepole, rudia, isipotulia, hospitali, usisubiri baba arudi wala mama arudi. Na ya kahawia kila siku, kisha usukutue mdomo. Mpaka hapo nilikuwa nimevimba kwa fahari. Nikawaambia walioketi karibu nami kwamba huyo ni wangu, ingawa wote wanajua.

Kisha akatoa mifano. "Baba yangu alitaka kunilaza," alisema. "Msimlaze mtu. Akanipepea kwa sponji. Msipepee kwa sponji." Wazazi wakaitikia kwa vichwa. Mmoja akamwomba arudie hapo kwenye sponji. Nimemlea mtoto kwa jasho langu, nimegeuka mfano wa usifanye.

Alimalizia kwa kusema kwamba baada ya hapo baba alishika chupa na hakuiachia. Alisema akinitazama. Wakati huo kulikuwa na kitu machoni mwangu. Vumbi. Wanalizungumzia vumbi wiki nzima na chumba chenyewe hawajapangusa vizuri.

Mikono ikainuliwa. Mama Pacha akapata chumba kizima. Mimi nilipata mkono mmoja, nao niliuinua mwenyewe. Hata mke wangu! Nilipomuuliza njiani akasema ameipigia kura pumzi ya mwanawe. Siku hizi kila mtu nyumbani kwangu ni mhubiri.

Mama Pacha alinifuata getini na beji yake kifuani. Akasema anahitaji msaidizi wa kushika chupa akiwa anafundisha, na kwamba, kwa alivyosikia, jana nilikuwa na mkono mtulivu kuliko alivyotarajia. Nilimwambia nitafikiria. Msaidizi! Mimi!

Jumatatu, 10 Machi

Siku ya kwanza kibandani. Kuna joto, kama nilivyosema, na hakuna aliyenisikiliza. Kasuku amevuta ile ya kahawia asubuhi bila kukumbushwa, amesukutua, amekwenda shule akiimba. Tangu Ijumaa hajakohoa. Watu wanasema ni dawa na ni chumba kuwa safi. Mimi najua ni namna nilivyoshika chupa.

Kwa hiyo nimekubali ule usaidizi, lakini kwa mpango. Nimekaa nikajiuliza: mzazi kiongozi anapendwa kwa nini? Kwa maneno tu. Hajawapa watoto chochote cha kushika. Mimi nitawapa. Kila mtoto mwenye pumu katika shule ile atapata mto wa kulalia, mkubwa, laini, ulioshonwa kwa mikono yangu. Kwenye beji inayofuata hakutakuwa na uchaguzi, watanibandika wenyewe.

Na sufi sitatumia. Sufi imeshaleta maneno. Muuza kuku wa kona ile amenipa manyoya, magunia na magunia, alikuwa anataka kuyatupa. Mepesi ajabu. Ukifungua gunia yanapaa yenyewe mpaka darini.

Ilibaki mahali pa kuyaanika, maana kibanda ni kidogo na upepo wa barabarani unayachukua. Nimezungumza na mlinzi wa shule. Amenifungulia kile chumba cha mafunzo, tupu, kikavu, madirisha yanafungwa vizuri. Nimeyamwaga yote, sakafuni, juu ya meza, juu ya vile viti vidogo, nikafunga mlango taratibu yasitoroke. Somo la kwanza la Mama Pacha linaanza kesho asubuhi, Nesi atakuja kulitazama, na watoto ndio wanaoingia kwanza.

Sijamwambia mtu yeyote, hata Kasuku. Kesho ule mlango ukifunguliwa, Nesi atajua hasa mimi ni mtu wa namna gani.