Gari Langu Haliondoki Uwanjani

Jumatatu, 4 Machi

Ofisi ya nyumba imetuletea binti mwenye kofia na ramani. Anasema uwanja ulio kati ya majengo yetu mawili utatengenezwa, na sisi wapangaji ndio tutakaosema uweje. Vizuri. Nikaitazama ramani. Pale penye gari langu pameandikwa "taka".

Taka!

Ni kweli halina injini. Magurudumu pia halina. Lakini viti ni vizima, redio inaimba, na ndilo lililomleta kifungua mimba wangu kutoka hospitali. Nyumbani kuna mama mkwe na televisheni yake. Kila jioni naingia garini, nafunga vioo, nakuwa mtu. Haliondoki. Nimemwambia binti hivyo hivyo. Amesema maoni yangu yamepokelewa.

Jumatano, 6 Machi

Kila mpangaji kapewa stika moja aibandike kwenye ramani, kwenye kitu anachotaka kibaki uwanjani. Nikajitolea kuishikilia ramani, maana upepo ulikuwa mkali. Wote wakanisifu. Kila aliyegeuka kuondoka, nikabandua stika yake na kuihamishia palipochorwa gari langu. Kufika mchana gari lilikuwa linaongoza.

Ndipo akaja fundi cherehani wa jengo la pili, mwanamke mwenye macho ya kutunga sindano gizani. Huyu anataka mabenchi pale pale penye gari, wateja wake wasubirie hapo. Alinibandua stika tatu zilizoninasa kiwikoni na moja shingoni, akazipanga mezani mbele za watu.

Nilisema ni upepo. Na bado nasema ni upepo.

Ijumaa, 8 Machi

Mkutano ni kesho. Kura ya mikono. Nimemwomba shemeji, mdogo wake mke wangu, aje na wenzake wa karakana wajifanye wapangaji. Nimewafundisha la kusema: gari libaki. Shemeji kauliza kama kutakuwa na chai. Itakuwepo.

Mke wangu alikuwa anatusikiliza kutoka jikoni. Akauliza kama siku hizi nina nafasi ya kuongea na yeye pia. Nimemwambia baada ya ushindi.

Jumamosi, 9 Machi

Binti akataka kila mtu ajitambulishe na aseme anaishi wapi. Shemeji akasema anaishi kwetu. Mama mkwe akainuka taratibu, akauliza mwanawe huyu amehamia lini na analala chumba gani, maana yeye hajamtia machoni tangu amtume dawa. Ukumbi mzima ukacheka. Shemeji akatoka kichwa chini, na jeshi langu lote likamfuata.

Nikabaki peke yangu. Sikutetereka. Nilipanda juu ya kiti, nikasema yaliyonijia: hilo si gari la mtu mmoja, ni baraza letu sote, watoto wanacheza humo, wazee wanapumzika humo, hakuna aliyewahi kufukuzwa. Uongo mtupu. Lakini niliusema vizuri, hadi sauti ikanikauka.

Kisha makofi. Aliyeanza kuyapiga ni fundi cherehani.

"Basi tumekubaliana," binti akasema huku anaandika. "Gari linabaki. Ni la wote."

Nimeshinda. Mbona sijisikii mshindi?

Jumapili, 10 Machi

Wameng'oa milango ya gari. Eti usalama wa watoto. Wamelipaka rangi ya manjano, na aliyeichagua ni mke wangu. Fundi cherehani ameshona vitambaa vya viti, na nakiri kwa shingo upande kwamba vimekaa sawasawa. Jioni nikashuka nikapumzike. Mama mkwe yuko kwenye usukani. Kabadilisha stesheni ya redio.

Jumanne, 12 Machi

Leo palikuwa na nafasi moja, kiti cha nyuma, ubavuni mwa mke wangu. Akasogea kunipisha.

"Jioni zote ulizokuwa humu, mimi nilikuwa naongea na ukuta," akasema. "Njoo ukae."

Alikuwa amependeza. Nusura niingie. Lakini kule mbele fundi cherehani alikuwa ananitazama kwenye kioo, anatabasamu. Nikajibu kwamba mimi sikai kwenye gari la umma. Mke wangu akageuka, akaendelea na mazungumzo yao.

Binti naye akaja kunishukuru. Eti mimi ni mpangaji wa mfano, niseme ni nini kingine kinahitajika. Nikamwambia nahitaji kuachwa. Akaandika.

Nimepanda ngazi hadi juu kabisa, nikausukuma mlango wa kutokea paani. Peupe. Hakuna mtu, hakuna televisheni, hakuna mama wa mtu. Na katika mikutano yote ile, hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za paa.

Kesho napandisha kochi. Ngazi ni nyembamba, kochi ni pana. Tutaona nani atasalimu amri kwanza.