Buluu Kila Kona

Jumatatu, 4 Machi
Kiti cha mkuu wa kitengo kiko wazi. Bosi atampa yule ambaye ripoti yake itamfurahisha zaidi. Yaani mimi. Mshindani ni mmoja tu, jirani yangu wa meza, tunayemwita Desimali kwa sababu hata akiulizwa habari za asubuhi hujibu kwa namba yenye nukta.

Kazi yangu ni mkono wa chuma utakaobeba winchi ya karakana. Kompyuta imeukata kwenye picha vipande vidogo vidogo, ikakokotoa mkazo wa kila kimoja na kukipaka rangi. Buluu salama, nyekundu hatari. Wote buluu, isipokuwa kona moja ya ndani, iliyokatwa kali mno. Pale ni nyekundu ya kutisha. Nimezima kompyuta nikaenda kunywa chai.

Jumanne, 5 Machi
Nimepata dawa! Nyekundu huanzia pale mtu anapoamua ianzie. Nimepandisha kipimo cha rangi, wekundu umeyeyuka. Namba sijagusa hata moja, kwa hiyo sijadanganya. Maelezo ya kipimo nimeyaweka chini kabisa, kwa herufi ndogo, ubavuni mwa nembo ya kampuni. Desimali alichungulia, akauliza kona ina mkazo gani. Nikamwambia asubiri ripoti kama watu wengine.

Alhamisi, 7 Machi
Bosi kaisifu ripoti mbele ya wote. Hajawahi kuona buluu nzuri namna hii. Nilishaanza kuinuka kutoa shukrani aliposema kwamba, kama chuma hakisumbuki hata kidogo, tunatumia kingi mno bure. Unene wa bamba upunguzwe nusu. Nikakaa. Ningeweza kusema. Lakini kiti kile kina magurudumu.

Ijumaa, 8 Machi
Jioni kaja shemeji, kaka wa mke wangu, fundi wa kuchomelea pale karakana. Furaha tele. Bamba jembamba limemrahisishia kazi, na Jumatatu winchi ikijaribiwa atasimama yeye chini yake kuongoza mzigo. Hana wasiwasi, maana hesabu kapiga shemeji yake. Mke wangu kaniongezea mchuzi kwa fahari.

Jumatatu, 11 Machi
Nimewahi karakana kumwambia shemeji asisimame chini ya winchi. Akauliza kwa nini, wakati picha yote buluu. Nikasema nimeota vibaya. Kanicheka, ila kwa heshima akasogea pembeni. Mzigo ukapanda. Mkono ukapasuka kwenye kona ileile, mzigo ukatua pale alipokuwa amesimama. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Shemeji kanikumbatia, anasema nina kipaji cha ndoto.

Desimali, aliyekuja na bosi kutazama jaribio, akaichukua ripoti yangu, akamsomea bosi zile herufi ndogo kwa sauti. Mtu hana haya.

Jumanne, 12 Machi
Kiti kapewa Desimali. Agizo lake la kwanza ni kwamba picha zote zitumie kipimo kimoja cha rangi. Mimi nirudie mkono, kona iwe ya mviringo.

Nimetii. Kona sasa buluu ya haki. Kuna wekundu kidogo tu kwenye tundu la boliti. Lakini nimelisoma agizo vizuri, na hakuna palipoandikwa kwamba ripoti lazima ichapwe kwa rangi. Kesho natumia printa ya nyeusi na nyeupe.

Shemeji kapiga simu kuuliza kama safari hii anaweza kusimama chini ya winchi. Nimemwambia asubiri kwanza niote.