Kikwembe cha Mama Berthe Katika Maporomoko ya Wagenia

Gurudumu la mbele limekwisha kuvuka daraja la Lubutu, la nyuma laja likiyumba, na vumbi jekundu limepanda juu ya miti kama bendera ya jeshi linalokwenda kuuteka mji. Basi njoni, enyi mliokaa na mliosimama! Acheni sufuria iungue, mwacheni mtoto alie kidogo, msikie habari za Zéphirin mwana wa Faustin, Kapita na Msimamizi wa Barabara, Mfukia Mashimo, Jemadari wa Makoleo, jinsi alivyoingia katika maji ya Wagenia mwaka ule wa hamsini na sita, akatoka na neno moja ambalo alikuwa amelitafuta tangu siku ya ndoa yake.

Kamionete, gari dogo la mizigo, ilikuwa ya patron wake, bosi wa kazi, iliyoazimwa kwa viapo vingi. Kwenye usukani alikaa shujaa. Kando yake alikaa mkewe Honorine, mwenye mimba ya miezi saba, tumbo limetangulia kama ngao, na binti yao Odile amebanwa katikati. Na nyuma, juu ya kiti kilichofungwa kwa kamba kati ya mikungu ya ndizi iliyofunikwa kwa majani ya mgomba na gunia tupu, aliketi Mama Berthe, mama yake Honorine, Simba Jike wa Basoko, Mwenye Kikwembe cha Njano kiunoni. Alikuwa anarudi kwao kwa meli iliyokuwa iondoke Kisangani kesho yake asubuhi.

Sasa shikeni desturi ya watu wale, maana bila hiyo hamtaelewa ukubwa wa jambo. Mwanamume na mama mkwe wake ni bokilo, kila mmoja kwa mwenzake, na bokilo ni heshima tupu. Mume hamtazami mama huyo usoni, hamgusi mkono, hagusi hata nguo yake iliyoanikwa. Wala hawasemezani uso kwa uso. Maneno hupita kwa mke, kama barua kwa posta. Ndiyo maana Mama Berthe, tangu ndoa, hakuwahi kumwita Zéphirin kwa jina lolote ila "ule mutu." Na kule Basoko ndugu zake Honorine walikuwa wanangoja kumuuliza mama yao: dada yetu ameolewa na mtu gani? Akijibu "ule mutu," watakuja kumchukua dada yao ajifungulie kwao. Na mwanamke akichukuliwa hivyo, mume hungoja mpaka ndevu zinabadilika rangi.

Zéphirin alilijua hilo. Kwa hiyo alipanga safari iwe ya kitalii, kama ya Wazungu wanaosimamisha gari kutazama vitu, ili huyo mama ashuke Kisangani akiwa ameshangaa hata amesahau ukali wake.

Lakini vita vilianza mapema. Gari likaingia katika shimo, likatoka, likaingia jingine.

"Honorine!" sauti ikanguruma kutoka kwenye ndizi. "Ambia ule mutu: hii shimo, ni nani anaifukiaka?"

"Zéphirin," akasema Honorine, "mama anauliza…"

"Nimesikia."

"Hujasikia bado. Mama anauliza hii shimo ni ya nani."

"Ambia mama, kuanza hapa ni kipande ya kapita mwingine. Yangu imeishia kwa daraja."

"Mama, anasema…"

"Nimesikia. Anadanganya."

Wakafika mahali pa ajabu ya kwanza, pale mstari wa ikweta unapoikata barabara. Zéphirin alikuwa ameusifu mstari huo wiki nzima. Akashuka, akanyoosha mkono kama nabii, akanena: "Honorine, mpelekee mama yangu maneno haya! Hapa ndipo dunia yote imepasuliwa katikati kama papai! Kule ni nusu moja, huku ni nusu nyingine, na sisi tumesimama juu ya mbegu!"

Mama Berthe akatazama kushoto, akatazama kulia. Palikuwa na nguzo ya mti iliyopakwa chokaa, chokaa yenyewe imebanduka, na kwenye nguzo amefungwa mbuzi.

"Iko wapi mustari?" akauliza Odile, mguu mmoja huku na mmoja kule.

"Haionekanake, mwanangu," akajibu Zéphirin. "Iko ndani ya akili."

"Ambia ule mutu," akasema Mama Berthe, "miye nimeona mbuzi. Na mbuzi ile iko na njaa."

Wakapanda gari kama jeshi lililopigwa.

Ajabu ya pili ilikuwa okapi, mnyama aliyefungiwa na mwenye shamba la kahawa mmoja ndani ya boma la miti, kando ya barabara. Wakashika fito, wakangoja. Okapi alikuwepo kweli, lakini aliwapa mgongo. Zéphirin alipiga makofi, alipiga mluzi, alitupa ndizi mbele na nyuma. Mnyama alikula ndizi za nyuma kwa kurudi kinyumenyume, asigeuke hata kidogo, milia ya makalio yake ikiwatazama kama mlango uliofungwa.

Mama Berthe aliisoma milia hiyo kwa muda mrefu. Kisha akanena: "Honorine, ambia ule mutu: kwetu, kama tunataka kuonyesha mugeni matako ya nyama, tunaipika kwanza."

Zéphirin akarudi kwenye usukani na moyo umelala chini kama tairi lisilo na upepo. Mji uko karibu, meli iko karibu, Basoko nayo yaja.

Enyi maji ya Wagenia, nisaidieni kulisema hili! Maana walipokaribia Kisangani, kabla ya nyumba za kwanza, walisikia mto ukinguruma, na Mama Berthe mwenyewe akagonga paa la gari lisimame. Hapakuwa na nguzo ya chokaa pale. Palikuwa na mto mzima unaanguka juu ya mawe, na juu ya mto umesimama msitu wa magogo yaliyofungwa kwa kamba za porini, na vikapu vyenye midomo mipana kama kengele za misheni vikining'inia ndani ya povu, na wavuvi, ndio Wagenia wenyewe, wakikimbia juu ya magogo hayo kana kwamba wako barazani kwao. Mzee mmoja wao, Daudi, alikuwa anainua kikapu, na ndani yake samaki anapiga mkia, mrefu kama mtoto wa darasa la kwanza.

Mama Berthe alikuwa binti wa wavuvi. Alivua viatu. Akampa Odile. Akapanda juu ya magogo akaenda zake, mikono miwili ikishika fito, kwenda kumchagua samaki yule kwa macho yake.

"Mama!" akaita Honorine, lakini wavuvi wakamzuia, maana mwenye mimba hapandi pale.

Alifika. Akacheka peke yake, kicheko ambacho hakuna aliyekisikia kwa sababu ya maji. Kisha akageuka arudi, na kikwembe cha njano hakikugeuka naye. Pindo lake lilikuwa limeumwa na kifundo cha kamba, kile kile kinachoshika kikapu. Akiachia fito, ataanguka. Akivuta mguu, nguo itabaki na Wagenia.

"Papa Daudi, mufungue!" akalia Zéphirin.

"Miye?" Daudi akapiga kelele, kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na maji, kikapu mikononi. "Niguse kikwembe ya mama ya mutu, bokilo yake ananiangalia? Aibu ile itanifwata mpaka kaburi! Na usikate kamba, papa, samaki yangu iko ndani! Bokilo ni wako, miye niko na samaki."

Hapo Zéphirin alisimama kati ya mauti mawili. Kumwacha ni aibu, kumgusa ni aibu zaidi. Akalichukua garini gunia lililofunika ndizi. Akararua majani ya mgomba, akajifunga mikono yote mpaka vidoleni, ngozi yake isije ikaonja nguo ile. Akawahutubia waliokuwa ukingoni:

"Honorine, mke wangu! Nikirudi hai, mtoto apewe jina langu! Nisiporudi, rudisheni kamionete, essence ndani ya tanki iko ya kutosha!"

"Enda basi," akasema Honorine. "Mama anachoka."

Akaenda akitazama vidole vya miguu yake. Alipofika karibu akajivika gunia kichwani kama kofia ya chuma, macho yake yasione kisichofaa, akapiga magoti juu ya gogo akaanza kupapasa hewa.

"Honorine!" akaita Mama Berthe. "Ambia ule mutu, kushoto!"

Maji yakalimeza neno. Kule ukingoni Honorine, aliyedhani anasalimiwa, alipunga mkono kwa furaha. Gunia likaenda kulia, goti moja likaning'inia juu ya povu.

"Honorine! Kushoto!"

Mkono wa majani ukashika kitu, ukavuta, na kikwembe kikateremka kidogo.

Ndipo Simba Jike wa Basoko alipovunja ukimya wa miaka yote, kwa mngurumo uliofika mpaka ukingoni: "Kushoto, bokilo! Bokilo yangu, we! Kushoto, unanivua nguo!"

"Hapa, mama?"

"Chini! Chini tena! Hapana, ile ni muguu ya Daudi!"

"Achia muguu!" akalia Daudi.

"Hapo! Hapo, bokilo! Fungua polepole… voilà!"

Kifundo kikalegea, pindo likatoka, kifundo kikafungwa tena bila kupoteza hata samaki mmoja. Wavuvi wakapiga magogo kwa makasia yao, na ule mlio ukapanda juu ya maporomoko, na siku hiyo ikawa siku kubwa kuliko zote alizoziona mwana yeyote wa Faustin, na mwenye kuandika historia aandike hivyo.

"Mama, ulimwita nani?" Honorine akauliza walipofika nchi kavu.

"Maji iko na kelele," akajibu Mama Berthe. "Ulisikia mubaya."

Lakini wavuvi wote walikuwa wamesikia.

Mama Berthe alipanda meli asubuhi. Kule Basoko wanawe waliuliza, akasema mtoto yuko kwa "bokilo yangu," hana shida. Hakuna aliyetumwa Lubutu. Mama Berthe alikufa mwaka wa sitini na tatu, kwa ugonjwa wa kifua. Honorine alijifungua mvulana, akamwita Hilaire, hotuba ya ukingoni imesahauliwa. Sasa ni mekanisia, fundi wa magari, kule Bafwasende. Odile aliolewa Bengamisa, anauza mafuta ya mawese. Daudi alivua mpaka mgongo ulipokataa, akawaachia wanawe magogo. Kamionete ilirudishwa, patron akaiuza. Zéphirin alifanya kazi mpaka mishahara ilipokoma, akahamia Kisangani na mkewe, wakalima mihogo.