Akheri Inahitaji Mkosaji

Jumatatu, 6 Februari 1911

Leo nimejifunza jambo kubwa, ila sijui ni lipi hasa. Mgeni wa misheni, Mdachi mrefu tunayemwita Bwana Miwani, anazunguka nchi akichunguza tabia za watu. Nilipompelekea kahawa barazani akaniuliza kama hapa kijijini kwetu Akheri kuna wakosaji. Nikasema hapana, Bwana, sisi ni watu wema. Akasikitika! Akasema kwa Kiswahili chake cha Tanga kwamba hakuna nchi inayosimama bila wakosaji. Mmoja akikosea, wengine hukusanyika, humkasirikia pamoja, wakakumbuka sheria zao na kupatana upya. Nikamwomba arudie. Akarudia vilevile.

Kumbe! Nilipochapwa utotoni kwa kuiba asali nilikuwa naijenga nchi, na hakuna aliyenishukuru.

Nimewaza mpaka ugali ukaungua. Tabitha ndiye nimtakaye, wala sitaki mwingine. Lakini baba yake, Mzee Kaanaeli, na baba yangu, Mzee Sumari, hawasemezani tangu ng'ombe wetu alipotafuna miche yake ya kahawa. Posa itapelekwaje na watu wasiosalimiana? Dawa ni hiyo ya Bwana Miwani. Wazee hawa wanahitaji mtu wa kumkasirikia pamoja.

Jumatano, 8 Februari

Leo ilikuwa siku ya kuzibua mfereji. Kila nyumba hutoa wanaume wake, na asiyetokea bila sababu hutozwa pombe. Nikabaki kitandani kwa makusudi, mzima kama jiwe. Nikangoja hasira.

Hasira haikuja. Baba, kwa kuona aibu, aliwaambia watu kuwa naumwa tumbo. Adhuhuri wakaja akina mama watatu na uji. Halafu Mzee Kaanaeli mwenyewe akaniletea mizizi iliyochemshwa, akasimama mlangoni mpaka nikamaliza kibuyu. Chungu! Sasa naumwa tumbo kweli.

Kibaya zaidi, sehemu yangu ya mfereji ilizibuliwa na Elirehema. Huyu ni mwana wa marehemu baba mdogo, amelelewa nyumbani kwetu, na hajawahi kukosea jambo lolote. Wazee wamemsifu. Mimi nakosea, yeye anasifiwa. Sielewi.

Alhamisi, 9 Februari

Nilimuuliza Bwana Miwani mbona kosa langu halikufanya kazi. Akasema makosa madogo huipa nchi pumzi tu, kama mvuke unaotoka chunguni ili chungu kisipasuke. Makosa yakizidi, nchi huvunjika. Yakipungua mno, nchi hulala. Nikamuuliza kipimo ni vibuyu vingapi. Alicheka sana, akasema hilo hata wakubwa wao Ulaya hawajui.

Basi kama kukosea ni kuzuri, kwa nini mkosaji anaadhibiwa? Na kama kuadhibu ndiko kuzuri, kwa nini wanatukataza kukosea? Kichwa kinaniuma, na tumbo bado.

Nimeamua. Nitaiba maji. Katika ukame huu hakuna kosa kubwa kuliko hilo.

Ijumaa, 10 Februari

Mwizi bila shahidi ni kazi bure. Nimemweleza Elirehema mpango wote. Jumapili, watu wakiwa ibadani, nitaziba mfereji kwenye shamba la Mzee Kaanaeli na kuyageuza maji yaje kwetu. Yeye atoke kanisani kama anayekwenda haja, anione, apige kelele. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikasema usiniharibie, ndugu yangu, piga kelele hasa. Akakubali.

Jumapili, 12 Februari

Mafanikio! Nilikata vigogo vya migomba, nikaviweka, nikakandika tope. Elirehema akapiga kelele mpaka wimbo ukakatika. Mzee Kaanaeli na baba wakashuka mbio bega kwa bega! Kila mzee akashika sikio langu moja. Mzee Kaanaeli akamwambia baba avute zaidi. Maneno yao ya kwanza tangu ile miche! Nililia machozi ya furaha. Wao wakadhani ni majuto.

Jumatatu, 13 Februari

Baraza. Mzee mmoja wa mashamba ya juu akataka nipelekwe boma la Wadachi, Arusha. Nikaona viboko ishirini na tano mbele ya macho yangu. Baba na Mzee Kaanaeli wakakataa kwa pamoja. Wakasema mambo ya maji yetu hayashuki bomani. Nikatozwa dume langu la mbuzi, lile nililolitunza kwa ajili ya mahari, na pombe ya ndizi. Desturi ni kwamba mkosaji hugeuza nyama motoni lakini haionji. Niligeuza. Wao walikula, wakacheka, wakakaa benchi moja. Mzee Kaanaeli akamsamehe ng'ombe.

Jioni nilimkuta Tabitha mferejini. Akaniuliza kwa nini niliinyima maji migomba ya mama yake. Nikamweleza habari za Bwana Miwani, mwanzo mpaka mwisho. Akasema miche imechipua tena, na baba yake alikuwa anangoja tu mtu wa kwetu aje na kibuyu cha maziwa aseme samahani. Maziwa! Nikamwambia sasa hayahitajiki, wazee wameshapatana. Akajitwisha mtungi wake akaenda.

Jumanne, 14 Februari

Baba amerudi kutoka kwa Mzee Kaanaeli akiimba. Amesema nyumba zetu zinaungana, Tabitha ataolewa kwetu. Nikavaa shati jeupe mbio. Baba akaniuliza naenda wapi.

Anaolewa na Elirehema. Mzee Kaanaeli amesema hawezi kumpa binti yake mwizi wa maji, ila kijana aliyeyalinda ndiye mkwe wa kweli. Na Tabitha ameulizwa, amekubali.

Nimekaa nyuma ya zizi mchana kutwa. Inauma. Inauma kuliko masikio.

Jumatano, 15 Februari

Bwana Miwani ameondoka kwenda Moshi. Kabla hajapanda punda nilimweleza yaliyonipata. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema mimi ni ushahidi kamili. Nikamuuliza mkosaji mwenyewe anapata nini. Akasema swali zuri, akaenda.

Nimefikiri sana, na nimepata jibu. Mpango ulikuwa sahihi, kosa ndilo lilikuwa dogo. Kwa kosa dogo Tabitha ametoka kwa baba yake mpaka kwa Elirehema. Kosa kubwa zaidi litamsogeza mbele tena, na nyumba hii baada ya Elirehema nimebaki mimi tu. Hesabu haina kasoro.

Siku ya harusi nitaiba ng'ombe wa mahari. Elirehema nimeshamwambia pa kusimama na wakati wa kupiga kelele. Safari hii hakuniuliza kama nina hakika. Ameniahidi atapiga kwa nguvu zaidi. Sijapata kuona ndugu mwema kama huyu.