Sifuri ya Mjomba Aguer

Jumatatu, 9 Machi 2026

Ulimi umeponza kichwa tena. Nimemwambia Madam Josline, mwalimu mkuu wa shule moja hapa Gurei, kwamba milinganyo ya kwadratiki naifundisha nikiwa nimefumba macho. Ukweli: tangu nimalize sekondari kule Kitale, Kenya, sijaigusa, na hata huko niliifumbia macho kwelikweli.

Ijumaa natoa somo la majaribio. Mwenyekiti wa wazazi atakaa nyuma asikilize. Naye ni nani? Mzee Aguer, mjomba wa Adit wangu! Yule aliyesema kijana asiye na kazi asije kukaa uani kwake kuzungumza habari za ng'ombe wa mahari. Nikipata kazi, nampata Adit. Nikikosa, basi.

Jumanne, 10 Machi

Nina mpinzani. Edrine, Mganda wa Masaka, shati limepigwa pasi mpaka kola inakata. Anajua kanuni ndefu yenye kipeuo ndani, anaisoma kama Baba Yetu. Nimemchukia papo hapo.

Lakini nimepata njia ya mkato! x² − 5x + 6 = 0. Tafuta namba mbili: ukizizidisha upate sita, ukizijumlisha upate tano. Mbili na tatu! Nimerukaruka mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza kama kuna nyoka. Grafu yake ni kama bakuli, na bakuli linaukata mstari wa sifuri mahali pawili. Nitafundisha mlinganyo huo mmoja tu. Mwingine siujui, na hakuna atakayejua kwamba siujui.

Jumatano, 11 Machi

Vipi nikiuliza swali na darasa likanyamaza? Nimewapelekea wanafunzi mandazi, tukapatana. Nikiuliza, wote wanyooshe mikono. Anayejua, wa kulia. Asiyejua, wa kushoto. Mzee Aguer ataona msitu wa mikono, nami nitachagua wa kulia. Akili ninayo, jamani, ila huwa inalala.

Alhamisi, 12 Machi

Nimemshauri Edrine, kwa moyo safi kabisa, atumie chaki ya njano. Kwenye ubao ule uliochakaa haitaonekana. Ameshukuru, akaniazima rula yake. Nimejisikia vibaya kwa muda wa kunywa chai.

Ijumaa, 13 Machi

Aibu.

Edrine alitangulia. Njano ilionekana mpaka barabarani.

Nikaingia mimi. Nikauliza, mikono ikapanda, mzee Aguer akatikisa kichwa kwa furaha. Nikachagua wa kulia. Kijana mmoja, Thiik, akasimama, akatazama dari. Nikachagua mwingine. Dari tena. Kumbe nimesimama nikiwatazama, kulia kwangu ni kushoto kwao! Nimewainua wasiojua wote, mmoja baada ya mwingine.

Nikasema nitachora mwenyewe. Mabano yalikuwa (x − 2)(x − 3). Nikaona alama za kutoa, nikalichora bakuli upande wa kushoto, likakata kwenye −2 na −3. Nyibol, binti wa dawati la mbele, akaweka −2 mahali pa x. Nne, ongeza kumi, ongeza sita. Akauliza kwa adabu mbona ni ishirini na si sifuri.

Hapo ndipo nilipojipalia makaa. Nikasema Kenya magari hupita kushoto, huku kwetu hupita kulia. Mimi nimesomea Kenya, kwa hiyo grafu yangu imekaa kushoto, wao waihamishe tu kulia. Darasa likaanguka kwa kicheko.

Mzee Aguer akasubiri wanyamaze.

“Ya Malith,” akaniita, “mimi navuka mpaka wa Nimule na lori kila mwezi. Gari ndiyo inabadili upande. Sifuri haibadili. Khalas, basi.”

Jumamosi, 14 Machi

Kazi amepewa Edrine. Madam Josline ameniambia kwa upole kwamba kuna dawati tupu karibu na Nyibol, kama napenda. Nimelia kidogo. Naandika hapa kwa sababu hakuna asomaye.

Jioni Adit kapiga simu. Mjomba wake amecheka tangu jana na hasira imeisha. Jumatatu niende uani kwake. Nikitatua swali moja tu mbele yake, atanisaidia kutafuta kazi kwenye malori na mazungumzo yataanza. Swali atatunga Edrine.

Jumapili, 15 Machi

Swali limefika. Onyesha grafu ya x² + 4 inapoukata mstari wa sifuri.

Namba mbili, ukizizidisha upate nne, ukizijumlisha upate sifuri. Hakuna! Nimechora. Bakuli linaning'inia hewani, halishuki. Nimechora tena kwa penseli nzito. Linaning'inia.

Nikampigia Adit. Akasema, “Malith, kama haikati, sema haikati. Hilo nalo ni jibu.” Nampenda, lakini hukata tamaa upesi.

Mfa maji haachi kutapatapa, nikaendelea kuitazama karatasi, na mwishowe nikaona kosa lilipo. Bakuli halina tatizo. Mstari ndio umechorwa chini mno! Nimeufuta, nikaupandisha mpaka kwenye nne. Umegusa vizuri sana, katikati kabisa.

Kesho nawahi uani kwa mjomba kabla ya chai. Nakwenda na rula ya Edrine.