Viatu Vimekwenda Kuchemshwa

Twaha alikuwa na duka la viatu lisilo na kiatu hata kimoja. Banda lilikuwepo, tena la mbao mpya, limepakwa rangi ya bluu, lina rafu ukutani na kibao kikubwa cha jina lake. Kilichokosekana ni bidhaa tu, jambo dogo ambalo Twaha hakuona sababu ya kumsumbua nalo Bi Chausiku, mama yake Naima, siku alipoulizwa anafanya kazi gani.

"Mie mfanyabiashara wa viatu, mama," alijibu kwa unyenyekevu wa tajiri asiyependa makuu.

"Vizuri. Jumapili nakuja kuliona hilo duka. Nikiridhika, lete posa. Nisiporidhika, mlangoni kwangu nisikuone tena."

Naima alimsindikiza hadi kona, akamnong'oneza, "Usije ukaniaibisha, Twaha." Na Twaha, aliyewahi kumuuzia mtu saa isiyo na mashine ndani wala moyo usimdunde, siku hiyo ulimdunda. Alimpenda yule binti jamani, hilo tusimnyime.

Kesho yake ndipo alipopita mbele ya Zahanati ya Afueni. Enzi zile za ruksa, Mbagala nzima, kila mwenye vyumba viwili na ndoo alikuwa anafungua zahanati. Hii ilikuwa ya Bwana Benjamin, aliyekuwa akiuza saruji mpaka alipogundua kuwa watu wanaugua mara nyingi kuliko wanavyojenga. Turubai lilikuwa linafungwa. Ufunguzi rasmi, Jumamosi, wageni waheshimiwa watupu. Na waheshimiwa, Twaha akakumbuka, huwa wanavaa viatu.

Saa moja baadaye alikuwa amerudi na koti jeupe la kuazima kwa kinyozi, kitambaa mdomoni, na uso wa mtu aliyeleta habari mbaya.

"Natoka Kitengo cha Vijidudu vya Nyayo," alisema. "Nimekuja kukuokoa."

Bwana Benjamin alikunja uso. "Uokozi huo bei gani?"

"Bure."

"Karibu kiti, daktari."

Twaha hakukaa. Alionyesha sakafu kama vile chatu amejikunja pale. "Jumamosi mgeni wako anatoka buchani, amekanyaga damu. Kapita sokoni, kakanyaga matumbo ya samaki. Kachepuka nyuma ya ukuta, alichokanyaga huko tusikitaje. Sasa anaingia wodini na mzigo wote huo kwenye soli. Mgonjwa anadondosha kidonge chini. Anakiokota. Anakimeza."

"Yarabi!" Bwana Benjamin alikuwa Mkristo, lakini hali ilimzidi.

"Hospitali kubwa za nje, kiatu hakivuki mlango."

"Hata cha mheshimiwa?"

"Hasa cha mheshimiwa. Kijidudu hakijui cheo."

Nesi wa pale, Sista Demetria, alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la mabomba ya sindano, akisikiliza. "Samahani, bwana afya," alisema. "Maadam umekuja, hebu mwambie bosi kuhusu mafuta ya taa. Jiko halijawashwa tangu Jumanne. Sindano nazisuuza kwa maji ya chupa ya chai."

Bwana Benjamin alianza kukohoa.

"Pole, sista," Twaha akasema. "Kitengo changu kinaishia kwenye vifundo vya miguu."

Jumamosi mambo yalikwenda kama mafuta. Waswahili mlangoni kuvua viatu ni jambo la kawaida, hakuna aliyebisha. Twaha aliinama pale na kitambaa chake mdomoni, akipokea. Mokasini! Buti la ngozi! Viatu vya kisigino vya rangi ya dhahabu, vina ua mbele! Macho yake hayakupanda juu ya magoti, maana sura haina saizi. Kila jozi ikienda nyuma ya ukuta, kwa Albano, mtu wa Newala mwenye mkokoteni na tabia nzuri ya kutouliza maswali.

"Peleka dukani," Twaha alimwambia. "Panga kwenye rafu, bandika bei, uza. Mie nakuja sasa hivi."

Na angekwenda kweli, wallahi, kama Bwana Benjamin asingemkabidhi kipaza sauti. "Mtaalamu wetu wa nyayo, atusalimie kidogo!"

Hapo ndipo Twaha alipoponzwa na ulimi wake. Alisalimia. Akaeleza kijidudu kinavyopanda ngazi. Akaeleza kinavyongoja watu wazime taa. Makofi yakapigwa, naye kila akisikia makofi anakumbuka kijidudu kingine. Alipokumbuka kuondoka, wageni walikuwa wameshakula pilau na wako mlangoni, pekupeku, mbele ya mchanga wa saa saba mchana.

"Viatu viko wapi?"

"Vimekwenda kuchemshwa," Twaha alisema, kwa kuwa ndilo neno lililokuwa karibu.

Sista Demetria alicheka mpaka akashika ukuta. "Kuchemshwa! Jamani, humu ndani sindano hazichemshwi, viatu ndiyo vichemshwe?"

Mzee mmoja, aliyekuwa ametoka kudungwa sindano ya bure ya ufunguzi, alishika kalio lake polepole.

"Benjamin," alisema, "hii sindano yangu ilichemshwa?"

"Ilisuuzwa, mzee. Ilisuuzwa vizuri sana."

Zogo lililozuka hapo sitalisimulia, kuna watoto. Twaha alikuwa ameshafika nusu ya njia ya uani pale mkono wenye hina ulipomshika kola na kumshusha kitambaa.

"Ndiyo maana sauti naijua! Mkwe wangu!"

Ni Bi Chausiku, mwenyekiti wa akina mama wa mtaa, mgeni mheshimiwa, pekupeku.

"Shikamoo, mama," Twaha alisema, roho ikishuka mpaka kwenye kile kitengo chake.

"Marahaba! Kumbe na udaktari unao! Nyie, tulieni!" Bi Chausiku aliwageukia wenzake. "Kugombana kwa nini? Huyu ana duka la viatu, mtaa wa pili tu hapo. Twendeni atuazime vya kuvaa, hivyo vyetu viendelee kuchemka."

"Mama, leo duka limefungwa."

"Si unafungua? Duka lako, au la jirani?"

Wakaondoka. Waheshimiwa wote, wakirukaruka kwenye mchanga wa moto, ai, ui, na Twaha katikati, mkono wa mkwe ungali kwenye kola. Aliomba mvua. Aliomba zimamoto. Aliomba Albano, kwa mara ya kwanza maishani mwake, awe mwizi na awe ameshatokomea na mzigo.

Lakini Albano alikuwa mtu mwaminifu. Duka lilikuwa wazi, rafu zimejaa, viatu vinang'aa. Alipoona umati wa watu pekupeku alifurahi mno, maana wateja wahitaji namna ile hajawahi kuwaona.

"Karibuni! Karibuni! Mama, jaribu hivi vya dhahabu. Vitakukaa kama ulipimwa!"

Bi Chausiku aliingiza mguu. Ulikaa. Akaligusa lile ua la mbele. Kisha akageuza soli, akaisoma bei.

"Mia nane?" alisema kwa sauti ndogo ya kutisha. "Viatu nilivyochezea arusi ya dada yangu, Twaha, unaviuza mia nane?"

Kilichomuuma zaidi, mpaka leo hatujui, ni wizi au bei.

Polisi hakuitwa, kwa sababu Bi Chausiku alikataa. Hukumu aliitoa mwenyewe palepale, akiwa na viatu vyake miguuni: Bwana Benjamin atanunua mafuta ya taa, wala asikohoe, na Twaha atachemsha, kila siku ya Mungu, chini ya Sista Demetria, bomba kwa bomba.

Mpaka sasa yuko pale uani, na koti lilelile la kinyozi. Bi Chausiku hupita kila asubuhi akienda sokoni, hufunua sufuria, huchungulia.

"Zimechemka?"

"Bado, mama."

"Basi na posa bado."