Lalamiko la Mtu wa Kawaida Kuhusu Pikipiki Mbili Uchi

Ndugu Mhariri wa ukurasa wa pikipiki,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na umekaa vizuri. Mimi sijakaa vizuri tangu nisome toleo lenu lililopita. Humo mlilinganisha pikipiki mbili za uzito wa kati, nyeusi ya silinda mbili na nyekundu ya silinda nne, mkasema zinamfaa "mtu wa kawaida anayeendesha kila siku". Mtu huyo ni mimi. Nashona sare za shule, nina mke mmoja, na malalamiko yangu ni haya:

1. Neno "uchi". Ndani mmeeleza vizuri kwamba pikipiki uchi ni ile isiyofunikwa mabodi ya plastiki, injini ikawa inaonekana. Lakini jaladani mmeandika "MBILI UCHI: UTAPANDA IPI?" na mama mkwe wangu, anayeishi nasi, husoma majalada tu. Aliligeuza jarida kifudifudi akaniuliza kama nyumbani kuna amani. Nilipomweleza ni pikipiki, alisema mimi ni fundi cherehani, basi nizishonee nguo. Nilicheka. Kesho yake nilikwenda duka la pikipiki na futi yangu kuchukua vipimo.

2. Urefu wa kiti. Mmeandika kwamba viti vyote viwili ni "rafiki kwa kila mtu". Kwa kuwa nilikuwa dukani tayari, nilipanda nyeusi. Vidole vya mguu wa kushoto viligusa sakafu, vya kulia vikabaki hewani vikingoja zamu. Nikahamia nyekundu. Nilianguka polepole, kwa adabu, nikiwa nimeikumbatia, nayo ikaiangukia nyeusi. Ulinganisho mmoja mmeusahau: ipi ni nzito zaidi ukiwa chini yake. Ni nyekundu.

3. Kiti cha nyuma. Hapa sitanii. Mke wangu ni mkunga. Kila jioni, baada ya kusimama kutwa nzima, hupanda kilima kwa miguu kutoka hospitali. Nilimwahidi nitakuwa namfuata kwa pikipiki mara tu nitakapoamua ninunue ipi. Ninyi mmeandika kwamba kiti cha nyuma cha nyeusi ni "cha dharura" na cha nyekundu ni "cha mapambo". Mke wangu si dharura wala pambo. Nimesoma matoleo yenu yote, nimechora jedwali ukutani kwa chaki ya kukatia vitambaa, na ahadi yangu imeota ndevu huku soli za viatu vyake zikiisha. Ninaona aibu kuandika haya.

4. Hitimisho lenu. Mmesema nyeusi hutoa nguvu mapema, inafaa kwenye foleni, na nyekundu hutoa nguvu baadaye, ikishachanganya. Mimi mwenyewe ni wa baadaye, kwa hiyo nilisubiri mniambie la kufanya. Mkaandika: "Zote ni nzuri, uamuzi ni wako." Ndugu Mhariri, kama ningekuwa na uamuzi, jarida ningenunua la nini?

Kwa unyenyekevu naomba mtangaze mshindi. Mkishindwa, mlete mwandishi wenu awe anamfuata mke wangu kila jioni mpaka mtakapoamua. Chumba kipo, ilimradi akubali kukaguliwa na mama mkwe.

Nisalimie mpiga picha, mchapaji, na hasa huyo mjaribu pikipiki mwenye miguu mirefu. Huku wote hawajambo, ukiacha goti langu.

Wako kwa heshima na kwa kuchechemea,
Fundi Cherehani

Tanbihi: Nikiwa natafuta bahasha, mke wangu ameingia uani akiendesha ile nyekundu. Kumbe wakati mimi nachora jedwali, yeye alikuwa akifundishwa na dereva wa gari la wagonjwa. Nimemuuliza kwa nini amechagua nyekundu. Amesema muuzaji ameishusha bei kwa sababu kuna mtu mmoja mfupi aliiangusha. Nimepanda nyuma. Sasa hivi amenipeleka posta kununua bahasha na kunirudisha, kilima chote, bila kunisema hata neno moja. Naomba mfute lalamiko la tatu. Kiti cha nyuma kinatosha kabisa, na huko miguu yangu inafika.